Uzi: Kansa ya mirija ya nyongo inaanzaje hasa? Tuweke mambo ya maabara sawa

#1 Kigamboni_Histo

Wakuu, habari za jioni. Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ikidai kwamba anayekula maini yenye minyoo anajipandia kansa ya mirija ya nyongo. Imechanganya ukweli na uongo, na mchanganyiko wa namna hiyo ni mgumu kuusafisha kuliko uongo mtupu. Humu najua wapo watu wa maabara, wa mifugo na wa kemia. Tuupange uzi vizuri.

Tuanze na mahali penyewe. Ini hutengeneza nyongo kama mililita 600 mpaka 1,000 kwa siku, na inapita kwenye mirija ambayo ukuta wake wa ndani umepangwa seli ziitwazo kolanjiosaiti. Seli hizi ni asilimia 3 mpaka 5 tu ya seli zote za ini. Kansa yake inaitwa kolanjiokasinoma, na ina makazi matatu: ndani ya ini, kwenye maungio, pale mrija wa kulia na wa kushoto unapokutana (uvimbe wa Klatskin, kwa jina la Gerald Klatskin aliyeueleza mwaka 1965), na chini, mrija unapokaribia kongosho. Ya maungio ndiyo inayoonekana zaidi, nusu ya wagonjwa au kuzidi. Ukisoma utafiti wowote, angalia kwanza walichukua wagonjwa wa makazi gani. Jeni zake hazifanani, na kuzijumlisha pamoja kumepoteza majibu mengi.

Sasa mwanzo wa ugonjwa. Kolanjiosaiti inaishi ndani ya sabuni. Chumvi za nyongo kazi yake ni kuyeyusha mafuta, na utando wa seli nao ni mafuta. Kinachoiokoa seli ni safu ya bikaboneti inayoimwaga yenyewe juu ya uso wake. Watafiti wanaiita mwavuli wa bikaboneti, na protini inayosukuma bikaboneti hiyo nje ni AE2. Mwavuli ukitoboka, asidi za nyongo zinapenya na kujeruhi. Nyongo ikisimama kwa sababu ya kijiwe, kovu au mdudu, jeraha linakuwa la kila siku.

Jeraha likidumu, IL-6, protini inayobeba ishara za jeraha, inapanda. Si seli za kinga tu zinazoitoa, kolanjiosaiti zenyewe zinaitoa pia. IL-6 inawasha STAT3, swichi iliyo ndani ya seli, na STAT3 inapandisha Mcl-1, protini inayozuia seli iliyoharibika isijiue. Wakati huohuo kimeng'enya iNOS kinatoa nitriki oksaidi kwa wingi, na hapa ndipo penye ubaya wenyewe: nitriki oksaidi inaharibu DNA na pia inazima vimeng'enya vya kuikarabati. Kwa hiyo una seli inayogawanyika haraka ili kuziba kidonda, ina makosa kwenye DNA, ukarabati umezimwa, na amri ya kujiua imefungwa. Iache hivyo miaka 20 au 30.

Nimalize kwa msimamo wangu ili wanaotaka kubishana wabishane nao: hakuna "chanzo" kimoja. Kinachotafutwa ni jeraha lisilopona likikutana na kinachoharibu DNA.

#2 Vet_wa_Pugu

Asante mkuu. Upande wa mifugo naumaliza mapema kwa sababu ndiko uvumi ulikotokea.

Minyoo bapa inayoonekana ikichanwa mirija ya ini la ng'ombe machinjioni ni Fasciola, na kwetu hasa ni Fasciola gigantica. Anayekula ini lililopikwa haambukizwi nayo. Mzunguko wake ni huu: yai linatoka na kinyesi, linaanguliwa majini, linaingia kwa konokono wa jamii ya Lymnaea, kisha kiluwiluwi kinatoka na kujigandisha kwenye majani yaliyoota majini. Mtu anaambukizwa kwa kula majani hayo mabichi au kunywa maji yenye viluwiluwi.

Wanaosababisha kansa ni wengine: Opisthorchis viverrini wa Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam, na Clonorchis sinensis wa China, Korea na Vietnam ya kaskazini. Hao wanatoka kwenye samaki wa maji baridi, wa jamii ya kapu, wanaoliwa wabichi au wakiwa hawajaiva. IARC, shirika la utafiti wa kansa chini ya WHO, ilimweka O. viverrini Kundi la 1, la visababishi vilivyothibitishwa, mwaka 1994, na C. sinensis akafuata mwaka 2009. Fasciola hayumo. Perege wa kukaanga wa hapa kwetu hana kesi ya kujibu.

Na kichocho? S. haematobium yumo Kundi la 1, ila kwa kansa ya kibofu cha mkojo. S. mansoni anakaa kwenye mishipa ya damu, na makovu yake yanazunguka matawi ya mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini. Ini linaumia, lakini si kwa njia ya mrija wa nyongo.

Mambo mawili ya kazini. Mtu akila maini jana, leo mayai ya Fasciola yanaweza kuonekana kwenye choo chake bila yeye kuwa na ugonjwa. Mwache siku kadhaa bila maini ndipo urudie kipimo. La pili, prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, haimuui Fasciola. Dawa yake ni triklabendazoli, miligramu 10 kwa kilo. Tofauti hii nimeona ikipuuzwa hata na watu waliosoma.

#3 Bi_Seli

Kigamboni_Histo alisema: *"hakuna 'chanzo' kimoja."*

Nakubaliana na wewe, na ushahidi mzuri kabisa umetoka kwa wanyama wadogo, hamsta. Ukimwambukiza hamsta O. viverrini peke yake, mirija inavimba na kupata makovu lakini kansa ni ya nadra. Ukimpa kemikali ya DMN, ambayo ni nitrosamini, kwa dozi ndogo peke yake, hupati kitu cha maana. Viunganishe, uvimbe wa kansa unatokea kwa wengi. Jaribio hilo lilianza kuchapishwa Thailand mwaka 1978 na limerudiwa mara nyingi.

Kwa nini mdudu huyu na si Fasciola? Kuna sababu zinazokwenda pamoja. Anapanda kutoka utumbo mwembamba kupitia mlango wa mrija na kukaa humo kwa miaka 10 au zaidi, akijishikiza ukutani kwa vinyonyeo vinavyokwangua seli. Mayai yake yanazingirwa na chembe za kinga. Halafu kuna hili ambalo mimi naliona zito kuliko yote: anatoa protini iitwayo Ov-GRN-1, inayofanana na granulini za binadamu, ambayo inaziambia seli za mrija zigawanyike. Ilielezwa mwaka 2009. Kwa maneno mengine, mdudu anajeruhi na anaharakisha uponaji wa jeraha alilolifanya, kwa faida yake, maana akimuua mwenyeji mapema na yeye amekufa.

Nitrosamini zinatoka pande mbili: chakula, hasa samaki waliochachushwa kwa chumvi, na mwilini mwenyewe, kwa sababu nitriki oksaidi ya jeraha lililovimba inazitengeneza papo hapo.

Kingine ambacho hakisemwi: kutibiwa na kuambukizwa tena na tena si sawa na kupona. Katika hamsta, prazikwanteli ikimuua mdudu, vipande vyake vinamwagika na uvimbe wa jeraha (si wa kansa) unapanda kwa muda kabla ya kushuka. Dawa ni nzuri, lakini mtu akirudi kwenye samaki mbichi kila mwaka anarudia mzunguko huo.

#4 Upanga_Mzamili

Shikamooni wakubwa zangu. Naandaa pendekezo la utafiti kuhusu hatua za awali za kolanjiokasinoma. Hamsta na O. viverrini kwa hapa naona haiwezekani. TAA (kemikali ya kuwapa kansa ya mirija) kwa panya wakubwa au sindano ya mkiani ya kuingiza jeni za kansa kwenye ini la panya wadogo, ipi inajibu swali la *hatua za awali*? Na organoidi, yaani vijiogani vinavyokuzwa kwenye jeli kutokana na seli, zinafaa kuanza nazo?

#5 Bi_Seli

Marahaba mdogo wangu. Hamsta sahau: kumleta mdudu asiyekuwepo nchini pamoja na konokono wake ni hatari ambayo hakuna kamati itakayoipitisha, na sawa tu.

Kwa hatua za awali chagua TAA, yaani thioasetamidi. Miligramu 300 kwa lita ya maji ya kunywa, yaani asilimia 0.03, kwa panya wakubwa wa Sprague-Dawley. Kansa inayopenya inaonekana kwa karibu nusu yao wiki ya 16, na ikifika wiki ya 22 ni karibu wote. Ukiua kikundi kimoja kila baada ya wiki nne, una picha nzima ya safari: mirija kuongezeka, seli kubadilika sura, kisha kupenya. Yanayoharibu: panya wanakunywa maji kidogo kwa sababu ya ladha, kwa hiyo pima maji yaliyobaki na uzito wa mnyama kila wiki, la sivyo hujui dozi. Badilisha chupa mara kwa mara. TAA yenyewe imo Kundi la 2B la IARC (huenda inasababisha kansa), glavu na kabati la hewa si mapambo, na mkojo na takataka za vizimba vihesabu kama kemikali.

Kasoro ya TAA ni kwamba inaumiza ini zima, na mirija mingine huongezeka tu bila kuwa kansa. Usihesabu kila mrija wa ajabu kuwa uvimbe. Mpe mtu wa patholojia slaidi bila kumwambia ni ya wiki gani.

Sindano ya mkiani ni jambo jingine. Unapiga mililita 0.1 ya maji ya chumvi yenye plasmidi (vipande vya DNA vinavyobeba jeni) kwa kila gramu ya panya, kwa hiyo panya wa gramu 20 anapata mililita 2, ndani ya sekunde 5 mpaka 7. Ukichelewa na kufika sekunde 12, plasmidi hazisukumwi kuingia kwenye ini, na baadaye utalaumu jeni. Ukiweka jeni za ukuaji, AKT pamoja na NICD (sehemu ya Notch) au YAP, unapata kolanjiokasinoma ndani ya wiki chache. Angalia lakini: seli zinazopokea plasmidi ni hepatosaiti, seli za kawaida za ini, siyo kolanjiosaiti! Zinageuka. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2012 na likatikisa somo zima, kwa sababu kumbe kansa ya "mrija" inaweza kuanzia kwenye seli isiyo ya mrija. Kama swali lako ni "seli ipi inaanza?", sindano hii imeshakujibia kabla hujauliza.

Organoidi: ndiyo, lakini zina mtego. Ukipanda kipande cha uvimbe kwenye jeli na dawa ya ukuzaji ya kawaida yenye vichocheo vya ukuaji Wnt, R-spondin na Noggin, kolanjiosaiti nzima zilizokuwa pembeni ya uvimbe zinakua haraka kuliko kansa, na baada ya wiki tatu unakuza mirija yenye afya. Dawa ya kuanzia uvimbe inaondolewa hivyo vitatu kwa makusudi. Halafu thibitisha: tafuta kwenye organoidi mabadiliko ya jeni yaleyale uliyoyaona kwenye uvimbe. Umbo peke yake halitoshi, ingawa za kawaida mara nyingi ni duara tupu lenye ukuta mwembamba na za kansa zimejaa ndani.

#6 Msuka_Data

Naongeza kwenye jeni, nitajaribu kutowachosha.

Uvimbe wa Asia wenye historia ya minyoo una mabadiliko mengi ya jeni TP53 na SMAD4, na jeni HER2 iliyoongezeka nakala. Usio na minyoo, hasa wa ndani ya ini, una IDH1, IDH2 na BAP1 zilizobadilika, na FGFR2 iliyoungana na jeni nyingine. Kazi kubwa ya mwaka 2017 iliyounganisha sampuli za nchi nyingi ilionyesha tofauti hata kwenye alama za methili juu ya DNA: wa minyoo zimejaa kwenye visiwa vya CpG (maeneo ya DNA yenye herufi C na G nyingi) vyenyewe, wa kundi la IDH na BAP1 zimejaa kwenye kingo zake. Njia mbili tofauti za kufika kwenye kansa ya jina moja.

IDH1 ndiyo ninayoipenda, kwa sababu utaratibu wake unaeleweka. Kimeng'enya kikibadilika, kwa kawaida pale R132, badala ya kazi yake kinatengeneza 2-hidroksiglutarati. Hiyo inaziba vimeng'enya vinavyofuta methili, TET2 kikiwemo. Matokeo yake HNF4A, jeni inayoongoza ukomavu wa seli za ini, haiwaki, seli changa ya ini inashindwa kukomaa kuwa hepatosaiti, inabaki kuzaliana. Ikipata na jeni KRAS iliyobadilika, kansa. Hapa hakuna mdudu wala kijiwe, kwa hiyo mkuu #1 nakupinga kidogo: jeraha la muda mrefu si sharti kwa kila mgonjwa.

Na ndiyo maana dawa zinazolenga jeni zimekuja kwa kundi hili kwanza: pemigatinib kwa FGFR2 ilikubaliwa Marekani mwaka 2020, ivosidenib kwa IDH1 mwaka 2021.

#7 Kigamboni_Histo

Msuka_Data, hoja yako naipokea kwa ya ndani ya ini yenye IDH. Kwa ya maungio nabaki palepale.

Sasa kipande cha nyama, maana data inaharibikia hapa kuliko kwenye kompyuta.

Kolanjiokasinoma ina nyuzi nyingi sana, fibroblasti kila mahali. Kinyama kinaweza kuwa na asilimia 20 tu ya seli za kansa. Mabadiliko yaliyo kwenye nakala moja ya jeni yatasomeka asilimia 10 ya DNA uliyoipima. Ukisoma kwa kina kidogo, unaripoti "hakuna". Kwa hiyo weka alama kwenye slaidi ya rangi ya kawaida ya patholojia (H&E), kwangua eneo lenye kansa tu, na andika makadirio ya asilimia kwenye fomu.

Formalini isiyo na bafa ndiyo adui mkubwa. Inageuka asidi ya fomiki na kukatakata DNA. Ya kutengeneza wenyewe: mililita 100 za formaldihaidi ya asilimia 37 mpaka 40, mililita 900 za maji yaliyokenekwa (distilled), gramu 4 za sodiamu fosfeti ya monobesiki na gramu 6.5 za daibesiki isiyo na maji. Kipande kisizidi unene wa milimita 5, formalini iwe mara 10 ya ujazo wake, saa 6 mpaka 72 basi. Kipande kilichokaa kwenye chupa kuanzia Ijumaa ya kabla ya sikukuu ndefu kimekwenda. Hata kilichotunzwa vizuri kina makosa ya C kusomeka T. Tibu DNA kwa kimeng'enya UDG kabla ya kusoma.

FGFR2 usiitafute kwa PCR ya jeni moja. Inaungana na jeni nyingi tofauti, na inakatika mara nyingi kwenye introni 17 (kipande cha jeni kisichobeba maelekezo ya protini). Unahitaji RNA au njia ya kunasa DNA inayofunika introni hiyo.

Hatua za kabla ya kansa zina jina: BilIN, seli za ukuta zilizobadilika bila kupenya, ya daraja la chini na la juu. Pembeni ya kijiwe au stenti (mrija wa kufungulia nyongo), seli zisizo na kansa zilizochubuka zinafanana nazo kabisa. Usiite BilIN ya juu kwenye mrija wenye usaha.

#8 Mkemia_Gerezani

Nashangaa hakuna aliyegusa viyeyusho.

Osaka, Japani: wafanyakazi wa kampuni moja ya uchapaji, vijana wa miaka 25 mpaka 45, walipata kolanjiokasinoma, na waliotambuliwa wakafika 17. Walikuwa wanafuta wino kwenye mitambo kwa 1,2-dikloropropeni (1,2-dichloropropane) na diklorometheni (dichloromethane), chumbani chini ya ardhi, hewa haitoki. IARC iliiweka 1,2-dikloropropeni Kundi la 1 mwaka 2014. Diklorometheni ipo Kundi la 2A (yaelekea inasababisha kansa). Uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko ya jeni mengi kupita kawaida, na BilIN zilitapakaa kwenye mirija mingi, si sehemu moja. Inadhaniwa ini linaunganisha kemikali hiyo na glutathioni, zao lake likaingia kwenye nyongo, na mirija ikawa inaoshwa nalo kila siku.

Wenye karakana za uchapaji Kariakoo na kwingineko: someni namba ya CAS (namba ya utambulisho wa kemikali) kwenye pipa, siyo jina la biashara. 78-87-5 ni 1,2-dikloropropeni, 75-09-2 ni diklorometheni. Pipa lisilo na karatasi ya usalama rudisha. Mvuke wa zote mbili ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo feni ya juu haisaidii, hewa ivutwe kutoka chini. Na barakoa ya mkaa inapitwa haraka sana na diklorometheni. Mtu anadhani amejikinga, kumbe anavuta.

Thorotrasti, ile dawa ya eksirei yenye thoriamu iliyotumika miaka ya 1930 mpaka 1950, ilifundisha somo hilohilo: mnururisho wa alfa ndani ya ini, kansa miaka 20, 30 au zaidi baadaye.

#9 Upanga_Mzamili

Nimejifunza mengi. Swali la mwisho: nikichagua wagonjwa kwa rekodi za hospitali, nitumie CA 19-9, kile kipimo cha damu cha alama ya kansa, kama kigezo?

#10 Kigamboni_Histo

Usiitumie peke yake. Kikomo cha kawaida ni uniti 37 kwa mililita, lakini mrija ukiziba kwa kijiwe tu inaweza kupanda mpaka mamia, kwa hiyo pima baada ya nyongo kufunguliwa. Na mtu asiye na antijeni ya Lewis (alama mojawapo ya makundi ya damu) hawezi kuitengeneza hata akiwa na uvimbe mkubwa. Vitabu vya benki ya damu vya Marekani vinaweka kundi hilo karibu asilimia 6 kwa weupe na 22 kwa weusi. Kigezo kilichopimwa Ulaya kitakuachia wagonjwa nje.

Kuna pia magonjwa yanayofanana na kansa hii: ugonjwa wa IgG4 (kinga ya mwili ikivimbisha mirija), mirija iliyoharibiwa na HIV pale CD4 iliposhuka chini ya 100, Fasciola mwenyewe, na mnyoo wa kawaida, Ascaris, aliyejipenyeza kwenye mrija. Kwa ya ndani ya ini, CK7 na CK19 (protini zinazopakwa rangi kwenye slaidi) zikiwaka hazikuambii kama imeanzia hapo au imetoka kongosho au tumboni. Picha za tumbo zima kwanza.

#11 Msuka_Data

Na msimbo wa kansa kwenye rekodi. C22.1 ni ndani ya ini, C24.0 ni nje. Klatskin, 8162/3, kwenye toleo la pili la ICD-O, orodha ya kimataifa ya misimbo ya kansa, ilipelekwa kwenye ya ndani ya ini ilhali iko nje. Ukichukua rekodi za zamani, fungua faili lenyewe usome ripoti ya picha na ya upasuaji, uandike makazi upya kwa mkono. Weka safu tatu kwenye jedwali lako: msimbo wa awali, makazi uliyosoma, na nani alisoma. Wasomaji wawe wawili, wasioonana. Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kianze sasa hivi, na kama DNA itasomwa nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli uingie kwenye maombi hayohayo.